Hakuna Aliyemfia Mgongoni

"Mimi Hesbon Echodu, tangu nianze kubeba wagonjwa na pikipiki, hakuna hata mmoja amenifia mgongoni. Hata mmoja! Kama yuko, asimame hapa mbele ya chifu aseme."

Aliyasema hayo kwenye baraza, karibu na soko la Malaba, mbele ya chifu, katekista, kina mama wa mboga na sisi watu wa boda tulioitwa kupokea vizibao vya reflekta. Kisha Callistus, mwenyekiti wa steji yetu, mtu mwenye tumbo la kuheshimika na mdomo usioheshimu mtu, akapaza sauti kutoka nyuma:

"Sasa atasimama namna gani, Echodu, na amekufa?"

Chifu mwenyewe alicheka mpaka kofia ikamteleza. Echodu hakucheka. Alibaki amesimama, kidole juu, akingoja maiti yoyote yenye malalamiko ijitokeze. Haikujitokeza. Akaketi, na kuanzia siku hiyo jambo likawa kama limepigwa muhuri: ukizidiwa Malaba, usipande na mwingine, panda na Echodu.

Ni Mteso wa upande wa Amukura. Mrefu, mkavu, mashavu yameingia ndani kama mtu anayevuta ajon kwa mrija hata wakati hakuna chungu cha pombe mbele yake. Alianza kazi zamani na baiskeli nyeusi, akivusha watu na magunia mpaka upande wa Uganda na kurudi, hadi magoti yakaanza kulia kama bawaba za mlango. Pikipiki zilipoingia, ng'ombe wake wawili waligeuka pikipiki. Mkewe Asekenye aliwalilia ng'ombe hao kwa wiki nzima, halafu akaizoea pikipiki, ingawa mpaka leo anasema haitoi maziwa.

Ubebaji wa wagonjwa ulianza na mwalimu mmoja aliyezidiwa na malaria. Gari hakuna, mvua inanyesha, na mwalimu hawezi hata kushika shati la dereva. Echodu akamwomba Asekenye leso yake ya kujifunga kiunoni. Akamkalisha mwalimu nyuma yake, akamfunga mgongoni kama mama anavyofunga mtoto, fundo likaja mbele kifuani, akaweka mtu mwingine nyuma wa kushikilia, wakaondoka. Mwalimu alipona. Tena alipona vibaya, maana alikwenda shule zote akiwasimulia watu, na kabla ya mwaka kuisha kila mtu kwenye steji alikuwa na leso ndani ya boksi la kiti. Namna hiyo ya kubeba tuliiita "mtoto". Ungesikia mtu akipiga simu: "Njooni na pikipiki, huyu ni wa mtoto." Wabwire, kijana aliyeendesha kwa kasi kuliko wote, ndiye aliyejifunza vizuri zaidi. Aliweza kumfunga mgonjwa kabla ndugu zake hawajamaliza kubishana nani aende naye.

Na tusimwonee mzee. Kazi hiyo iliokoa watu. Aliyeumwa na nyoka, mtoto wa degedege, mama aliyetokwa na damu. Kuna mwanamke anaitwa Amuron alifika wodi ya uzazi akiwa kati ya Echodu na shangazi yake, mtoto akazaliwa kabla shangazi hajapata mahali pa kuketi. Wakamwita Hesbon. Echodu alikuwa akipita pale kwao anapiga honi bila sababu yoyote, ili tu mtoto atoke akimbie.

Lakini wapo pia waliofika wakiwa wamenyamaza sana.

Hawa tuliwajua sote na hakuna aliyewataja. Mwalimu wa kwaya aliyeanguka katikati ya soko la Amukura akiwa na mfuko wa nyanya mkononi. Dereva wa trela aliyeshuka kukojoa, akalala pale pale kando ya tairi. Echodu aliwafunga, akawakimbiza, akawafikisha mlangoni, na kabla machela haijatoka alikuwa ameshageuza pikipiki. Hakuwahi kungoja. Jioni ikija habari kwamba mtu yule hakubahatika, Echodu angesema bila kuinua macho, "Aa, huyo alifia kwa daktari." Kwa hesabu zake, mtu hafi mpaka mwenye koti jeupe aseme amekufa, na yeye alikuwa amehakikisha kwamba koti jeupe halitasema kitu wakati yeye bado yuko pale.

Asekenye ndiye aliyeniambia kwamba siku za watu kama hao, Echodu alikuwa anaifua ile leso kwa mikono yake. Siku nyingine zote aliitupa tu kwenye beseni.

Mwaka juzi alikuja nesi mmoja wa kufundisha umma namna ya kumwokoa mtu ambaye moyo wake umesimama. Aliitwa Sharlyne, binti wa kutoka Sigalame, mwili mdogo, sauti ya kuita ng'ombe aliye ng'ambo ya mto. Tuliitwa steji zote ukumbi wa kanisa, na tulikwenda kwa sababu kulikuwa na soda. Mezani aliweka mwanasesere wa plastiki, kichwa na kifua tu, kuanzia kiunoni kwenda chini hakuna kitu.

"Huyu amekatwa na treni ama?" Callistus akauliza.

"Wacha maneno, mwenyekiti. Huyu ni mgonjwa wenu."

"Hana miguu, sista. Na kama hana mfuko, nauli yangu iko wapi?"

Ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Tukambatiza mwanasesere Mheshimiwa, kwa sababu alikuwa na kifua kikubwa na ndani hakuna moyo. Nesi Sharlyne alicheka na sisi, kisha akapiga magoti sakafuni, akaweka mikono, mmoja juu ya mwingine, katikati ya kifua cha Mheshimiwa, akaanza kubonyeza. Alibonyeza kwa nguvu, mikono imenyooka, haraka haraka, plastiki ikilia. Alisema mtu akianguka ghafla, ukimwita haitiki, hapumui sawasawa, moyo unaweza kuwa umesimama. Wewe ndiwe unakuwa moyo wake kutoka nje. Mmoja apige simu, mwingine abonyeze pale pale, akichoka apokewe, bila kuacha, mpaka msaada ufike.

Echodu aliinua mkono. Alikuwa hajagusa soda yake.

"Sista, si ni afadhali umkimbize hospitali kwanza?"

"Hapana, mzee. Unaanza pale alipoanguka."

"Na kama uko na pikipiki nzuri?"

"Hata kama uko na ndege. Ukimfunga mgongoni, nani anabonyeza kifua? Damu imesimama, haifiki kichwani. Mko njiani na ubongo unakufa. Unafika na mtu ambaye amekufa zamani."

Hakujua anaongea na nani. Wabwire ndiye aliyemjulisha. Alipiga makofi, akainuka kwenye benchi: "Yesu! Mzee Echodu, kumbe umekuwa mwenye gari la maiti!"

Tulicheka. Ilikuwa ya kuchekesha, siwezi kudanganya. Callistus, ambaye hajawahi kuacha mzaha upite bila kuupanda, ndiye peke yake hakucheka. Alimgeukia Wabwire akamwambia polepole, "Keti chini wewe, kabla sijakukalia."

Watu walipotoka, Echodu alibaki. Nilikuwa nakusanya chupa, kwa hiyo nilisikia. Alimuuliza nesi utamjuaje mtu ambaye moyo umesimama kweli. Nesi akamwambia kuna jambo moja linalowadanganya watu sana: mtu kama huyo anaweza kukoroma, kuvuta pumzi moja, kunyamaza, tena moja, mdomo ukifunguka kama wa samaki aliyetolewa majini. "Hiyo si kupumua, mzee. Watu wakiisikia wanafurahi, wanaacha. Wewe usiache."

"Na nikifanya hivyo anarudi?"

"Wengi hawarudi. Sitakudanganya. Lakini wale wanaorudi, wengi wao ni wale ambao mtu alianza mapema."

Echodu akasema, "Kulikuwa na mwalimu wa kwaya."

Nesi akamtazama. Nadhani hapo ndipo alipoelewa. "Hukujua, mzee," akasema.

"Sikujua. Lakini alikuwa na joto. Nilikuwa nasikia joto lake hapa." Akagusa mgongo, chini ya shingo.

Kutoka siku hiyo alipata gunia, akalijaza pumba, akalivika shati lake kuukuu, akawa anapiga nalo magoti nyuma ya nyumba kila asubuhi. Asekenye alidhani mzee amepatwa na wazimu wa kupigana na mavazi yake. Callistus alilisikia hilo, na kwa mwezi mzima hatukuwa na redio nyingine.

"Echodu, gunia limeamkaje?"

"Cheka tu, mwenyekiti."

"Limekula? Limekwenda haja?"

"Wewe ndiye unahitaji kubonyezwa. Hicho kifua kinachokuchoma kila siku, umekwenda kuonwa?"

"Hiki ni kiungulia cha chapati za Zilpa. Nikienda hospitali, daktari atamfunga mke wangu."

Zilpa ni mkewe, sisi tunamwita Mama Mathew. Ana meza ya chapati pale ambapo foleni ya malori ya mpakani inaanza kujipinda, na wateja wake ni madereva ambao wamekaa kwenye foleni hiyo mpaka wamemzoea kama shemeji. Callistus alikuwa anakula chapati zake, anakunywa dawa ya kiungulia ya chupa, anajipiga kifuani, anatoa hewa, anasema, "Bwana asifiwe." Echodu alimwambia zaidi ya mara moja wapande waende wakaone daktari. Callistus alijibu kwamba siku atakayokwenda hospitali atakwenda mgongoni, amefungwa leso, akinyonya kidole.

Ilikuwa mchana, jua limesimama juu ya mabati. Malori hayajasogea tangu asubuhi. Dereva mmoja wa trela na kijana wa boda kutoka upande wa pili walikuwa wanagombana kuhusu kioo cha pembeni kilichovunjika, na Callistus alikwenda kuamua, maana ugomvi kwake ulikuwa kama chai. Alikuwa amesimama kati yao, mkono mmoja begani kwa kila mmoja. Akasema, "Sasa sikilizeni, nyinyi wajinga wawili." Akanyamaza. Akaketi kwenye ngazi ya lori, taratibu, kama mtu aliyekumbuka jambo. Kisha akateleza akalala chini.

Tulidhani anafanya mzaha. Hivyo ndivyo alivyokuwa ametulea.

Echodu alikuwa juu ya pikipiki na abiria tayari. Aliiacha ikaanguka pamoja na abiria. Alifika, akamtikisa Callistus mabega, akamwita kwa jina, akasogeza sikio mdomoni. Halafu akararua vifungo vya kizibao chake cha reflekta cha uenyekiti, akapiga magoti kwenye lami ya moto, akaanza.

"Wabwire! Piga simu kwa Sista Sharlyne! Piga hospitali walete gari!"

Wabwire alipiga. Hilo alilifanya, na nesi aliitikia, na gari la wagonjwa likatoka.

Echodu alibonyeza. Alikuwa anahesabu kwa Kiteso, kwa sauti, na jasho linamdondokea Callistus usoni. Watu walijaa. Madereva, wabadilisha pesa na mabunda yao, kina mama na mabeseni kichwani. Wengi hawakuwa wamekuja kanisani kwa Mheshimiwa. Walichokiona ni mzee mrefu anamgandamiza rafiki yake chini mbele za watu.

"Huyu anampiga mtu amekufa!"

"Mwacheni marehemu apumzike, jameni."

"Maji! Mwagieni maji!" Na maji yakaja kweli, yakamwagwa, yakawalowesha wote wawili.

"Nipokeeni!" Echodu aliita. "Mmoja aje hapa, nikichoka aingie! Mlifundishwa!"

Tulikuwa tumefundishwa. Tulijua hata jina la mwanasesere. Lakini Callistus hakuwa plastiki, alikuwa na ndevu na chozi moja lililotoka pembeni mwa jicho likasimama hapo, na mikono yetu ikakataa. Kisha kukasikika mlio ndani ya kifua, kama kijiti kikavu kinavyovunjwa, na wote tukarudi nyuma hatua.

Hapo ndipo Zilpa alipofika, unga mpaka viwikoni.

"Unamvunja! Echodu, unamvunja mume wangu!"

"Mama Mathew, niache."

"Umemvunja nimesikia!"

"Niache nifanye kazi!"

Na Callistus akakoroma.

Ilikuwa sauti kubwa, ya ndani, mdomo umefunguka, kidevu kikainuka. Uwanja wote uliisikia. "Amepumua!" mtu akapiga kelele. "Yuko hai!" Kina mama wakapiga vigelegele. Mzee mmoja akavua kofia. Akakoroma tena, na watu wakaanza kukumbatiana, watu wasiojuana, dereva na yule kijana wa kioo.

Echodu peke yake aliendelea kubonyeza. "Hiyo si pumzi," alisema, lakini alikuwa ameishiwa sauti. "Hiyo si pumzi, jameni."

Zilpa alipiga magoti upande wa pili, wakawa wametazamana juu ya Callistus.

"Yuko hai umemsikia. Mbebe."

"Mama Mathew, nikimbeba anakufa."

"Wewe! Wewe hakuna mtu amekufia mgongoni. Ulisema mbele ya chifu, na mimi nilikuwepo. Umebeba wake za watu, umebeba watu usiowajua hata kabila. Huyu ndiye unamkataa? Amekukosea nini?"

Wabwire alikuwa ameshawasha pikipiki na kuileta, leso begani. Simu ikalia: gari la wagonjwa limekwama nyuma ya matrela, linajaribu kurudi nyuma lizunguke. Viwiko vya Echodu vilikuwa vimeanza kukunjika. Alitutazama, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyesogea. Akamtazama Zilpa.

Akaacha.

Walimfunga. Wabwire alifunga fundo yeye mwenyewe, fundo zuri. Zilpa alipanda nyuma akamkumbatia mumewe, na Echodu akapita kati ya malori mahali ambapo hata mbwa angefikiria kwanza. Mimi nilikuwa nyuma yao na pikipiki yangu. Kichwa cha Callistus kilikuwa kimelala kwenye bega la Echodu, na kwenye kila tuta kilikuwa kinaitikia, ndiyo, ndiyo, ndiyo. Nilimwona Echodu anaongea njia nzima bila kugeuka. Baadaye nilimuuliza Zilpa alikuwa anasema nini. Alisema alikuwa anamtukana. "Callistus, mjinga wewe, tumbo wewe, amka unitukane na mimi. Amka useme juu ya gunia."

Huku nyuma Nesi Sharlyne alifika pale kwenye foleni, mbio kwa miguu, amebeba mkoba wake kifuani. Alikuta jozi ya ndala na maji yanakauka.

"Mgonjwa yuko wapi?"

"Amekwenda na Echodu!" watu walimwambia kwa furaha. "Amepumua, sista! Yuko hai!"

Wanasema aliketi kwenye ngazi ile ile ya lori, akaweka mkoba mapajani.

Hospitalini Echodu hakugeuza pikipiki. Kwa mara ya kwanza alizima injini, akaingia, akasimama kwenye korido ameegemea ukuta, mgongo wa shati umelowa. Afisa wa kliniki, kijana mpole, alitoka akaongea na Zilpa kwanza. Tulimsikia Zilpa. Kisha akamjia Echodu.

"Ni wewe umemleta?"

"Ni mimi."

"Pole, mzee. Alikuwa ameshafariki mlipofika."

"Ameshafariki wapi?"

"Njiani, labda. Ama pale alipoanguka. Siwezi kujua."

"Nilikuwa nambonyeza pale alipoanguka. Nikaacha." Alinyoosha mikono yake kama mtu anayeonyesha kwamba hajaiba. "Sasa amenifia mgongoni?"

Kijana hakuelewa swali ni la nini. Aliwaza kidogo, akajibu kwa heshima. "Tuseme hivyo, mzee."

Callistus alizikwa kwao, upande wa Busia, na steji zote zilisindikiza, honi mpaka masikio yakaziba. Zilpa alipopewa kipaza sauti aliwashukuru wengi, na mwisho akasema anamshukuru Mzee Echodu ambaye hakumwacha mumewe chini kwenye vumbi kama mbwa, alimbeba. Watu wakapiga makofi. Ni kawaida kwetu, ukitajwa hivyo, unainuka, unainama kidogo, unaketi. Echodu aliinuka. Akatembea mpaka mbele, akamnyang'anya mshereheshaji kipaza sauti.

"Nilipaswa kumwacha chini," akasema. "Pale chini ndipo kazi yake ilikuwa. Nilikuwa nimeianza, na nikaiacha, kwa sababu ya jina langu la mgongo. Na wale wengine, wa Amukura, na dereva yule, wenye watu wao wako hapa, mnisikie—"

"Keti, mzee wetu," mshereheshaji akasema, akivuta kipaza sauti. "Huzuni imemzidi mzee wetu. Kwaya!"

Na kwaya ikaimba. Sisi tuna kwaya ya kufunika kila kitu. Lakini Zilpa alikuwa ameketi karibu na jeneza, na alisikia. Hakumwangalia tena Echodu siku hiyo, wala miezi mingi iliyofuata. Echodu akipita mbele ya meza yake ya chapati, Zilpa aligeuka upande wa karai.

Echodu aliacha kubeba wagonjwa. Wakimpigia, anakuja, lakini anakuja na mikono tu, anauliza kwanza anapumua vipi, na watu hawataki maswali, wanataka pikipiki. Jumapili baada ya misa analeta gunia lake pale steji, analilaza juu ya kadibodi, anafundisha. Siku za kwanza tulikuwa wengi. Halafu wawili watatu. Halafu akawa anabonyeza peke yake, sisi tunangoja abiria, na mpita njia akiuliza tunasema, "Ni mzee wetu, msamehe."

Jumapili moja Zilpa aliacha meza yake akaja. Hakusalimu. Alisimama juu ya gunia, mikono imefungwa ndani ya aproni.

"Nikuulize," akasema. "Kama singekuambia umbebe, angepona?"

Echodu alibaki amepiga magoti. Nilitamani amdanganye. Nilikuwa na uongo mzuri mdomoni, ningempa.

"Sijui, Mama Mathew."

"Usinihurumie."

"Sikuhurumii. Nilimuuliza sista pia, na yeye hajui. Wengi hawarudi. Labda hata kama ningebonyeza mpaka jioni asingerudi. Labda angerudi. Sijui, na sitakuja kujua."

Zilpa aliangalia lile gunia, shati lake kuukuu, vifungo vyake vilivyobaki. Akashuka chini kwa magoti.

"Ninaweka wapi mikono?"

Akamwonyesha. Alianza polepole, kama anayeogopa kuliumiza. "Nguvu zaidi," Echodu akamwambia. "Haraka zaidi. Kama unatwanga karanga na wageni wameshaketi." Akaongeza nguvu. Kitambaa cha kichwa kikaanguka, pumba ikaanza kutoka kwenye mishono, machozi na jasho vikachanganyika kwenye kidevu chake, na hakuacha. Echodu alihesabu kwa Kiteso. Mwishowe mikono ya Zilpa ikakunjika yenyewe, akakaa kitako kwenye kadibodi akihema.

"Inachosha," akasema.

"Ndiyo."

"Na hakuna aliyekupokea."

Zilpa aligeuza kichwa akatuangalia sisi tuliokuwa juu ya pikipiki zetu, mmoja baada ya mwingine, bila haraka. Tukaangalia matairi.

Wagonjwa siku hizi wanabebwa na Wabwire. Kutoka kwenye foleni mpaka hospitali ni shilingi mia mbili. Ukitaka mtu wa kushikilia nyuma, mia tatu.